Nilivyokifuata Kiporo cha Pasiansi

Nilikwenda Pasiansi kumdai mjukuu wangu. Nalisema mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea. Mimi si mtu wa kutembea.

Mwanangu Masanja ni fundi wa kuchomelea kule Igoma, na chumba alichopanga hakitoshi mke na mtoto mchanga. Mkewe, Rehema, alipojifungua binti yao wa kwanza, Krismasi ikiwa inakaribia, alikwenda kulelewa uzazi kwa mama yake, Bi Zuhura, Pasiansi. Hilo sikulikataa. Lakini nikasikia kwamba hata arobaini ikiisha atabaki hukohuko mpaka mtoto atembee. Na mimi je? Hapa Usagara nina nyumba, nina ng'ombe wa maziwa, na kitanda cha mzazi nilishakitandika.

Hata hivyo ningenyamaza, kama si kiporo. Krismasi Masanja alikuja kwangu. Nilichinjisha mbuzi, nikapika wali, nikamwekea meza sebuleni, nikafunga mlango kuku wasimsumbue. Akala vipande viwili vitatu, akasema ameshiba. Kesho yake asubuhi, nyama bado imejaa sufuria, akaniambia anaondoka, eti mama mkwe amemwambia awahi kiporo. Yaani mtoto niliyemzaa anaacha mbuzi wangu anakimbilia chakula cha jana cha mwanamke mwingine. Nikamwambia nenda. Alipofika barabarani nikasonya.

Siku iliyofuata, alfajiri, nikapasha ile nyama mpaka ikakauka mchuzi, nikaifunga kwenye sufuria ndogo kwa kitambaa. Nikachukua na michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika juani vikae mpaka msimu wa njaa, pamoja na karanga na kibuyu cha maziwa mgando. Nilitaka wakaone huku kwetu kuna nini.

Pale njia panda ya Usagara nilipata gari dogo la kuchangia, nikakaa mbele. Dereva alinisalimia shikamoo vizuri, ila kuanzia Buhongwa mpaka Mkuyuni hakuacha kunisifia mama mkwe wake anavyopika sangara. Nikamuuliza mama yake mzazi anapika nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyo anapika kawaida tu." Sikumsemesha tena mpaka mjini.

Kutoka mjini nilichukua bajaji kupitia Kirumba. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla hatujauona mwalo wa wavuvi. Ziwa lilikuwa limetulia, linang'aa kama bati jipya, na watu wa huko wanapita wala hawalitazami. Mimi mlangoni kwangu yanapita malori. Bi Zuhura akifungua dirisha la jikoni anaona maji. Hata hilo nilimwonea wivu.

Pasiansi nilifika jua limepanda. Bi Zuhura alikuwa uani anachagua mchele, akainuka na kunikumbatia na vumbi lake la mchele. "Mama Masanja, ungesema tukaja kukupokea." Nikamjibu kwamba sikutaka kusumbua watu. Rehema akatoka ndani na mtoto, akaniamkia, akanipa nimpakate. Ana paji la uso la marehemu mume wangu. Nilitaka niondoke naye saa ileile.

Sasa nieleze jambo la nyumba ile. Bi Zuhura ni Mwislamu, Krismasi yeye haisherehekei. Lakini mtaa wao umechanganyika. Idi yeye anapeleka sahani kwa majirani Wakristo, na Krismasi wao wanamletea. Mnyama wa mtaa mzima anachinjwa na Mwislamu mmoja, kwa hiyo kila mtu anakula kwa kila mtu. Hivyo kiporo cha Bi Zuhura ni chakula kilichoingia kwake kutoka nyumba za watu, yeye hata hakukipika.

Nilipofungua sufuria yangu, alisogea, akanusa, akasifu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Niwie radhi, mkwe wangu. Nani alichinja?"

Hapo nikanyong'onyea. Miaka yote anayechinja kwetu ni Mzee Hamisi, jirani yangu, naye ni Mwislamu. Mwaka huu alikuwa amesafiri, akachinja kijana wa shemeji yangu, nami kwa hasira za kuja huku sikukumbuka kabisa. Ningeweza kusema Mzee Hamisi. Nani angejua? Lakini sijazeeka ili nije kumlisha mtu kwa uongo. Nikasema ukweli. Akanishika mkono, akasema hakuna neno, nyama nzuri haikosi mlaji. Akaipakua kwenye sahani za jirani zilizokuwa zinasubiri kurudishwa, kwa sababu kule sahani hairudi tupu, na Rehema akampa mtoto wa jirani azipeleke.

Haukupita muda, yule jirani mwenyewe akachungulia dirishani. "Bi Zuhura, leo umetuweza. Mbuzi gani huyo?" Bi Zuhura akamwambia mbuzi ni wa mkwe wake wa Usagara. Jirani akanipungia mkono, kisha akaendelea kumshukuru Bi Zuhura. Nilitazama pembeni.

Mchana ndipo nilipokiona kiporo chenyewe. Ilikuwepo pilau ya nyumba tatu: moja nyeusi ya viungo vingi, moja nyeupe yenye njegere, moja ya viazi. Mimi ningepasha kila moja kivyake. Yeye akakaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia, akamimina zote kwenye sufuria moja, akanyunyiza maji ya moto yenye chumvi, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Chapati za juzi, zilizokuwa ngumu kama soli, akazikata vipande vyembamba na kuzitumbukiza kwenye rosti la nyanya na pilipili hoho. Sato wa kukaanga aliyelala akamkamulia ndimu, akamchemsha kidogo kwa tangawizi. Ninyi mlioko nyumbani jaribuni ile ya chapati. Naisema kwa uchungu, lakini jaribuni.

Wakati wa kula, Masanja akaingia kutoka kuoga. Nilitegemea atatengewa chake sebuleni. Kwetu mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe mwenye adabu hapiti hata karibu. Lakini Bi Zuhura aliweka sinia moja kwenye mkeka, akakaa, akaanza kula kabla ya mtu yeyote. Masanja akakaa upande wa pili. Wakagombea ukoko. Mwanangu, aliyekula kwangu kama mzee wa kanisa, alikuwa anakwangua sufuria kwa kijiko huku mama mkwe wake anaivutia upande wake.

Nikashindwa kunyamaza. "Bi Zuhura, huyu ni mkweo."

"Siku za sikukuu ni mkwe wangu, namtandikia meza," akasema, mdomo umejaa. "Siku za kiporo ni mwanangu. Sogea, mama, ukoko unaisha."

Mwanangu. Alilitamka hivyohivyo, kama kitu chake. Nilisema sina njaa, nikabaki kwenye kiti na maji ya kunywa mkononi, nao wakaendelea kucheka kule chini. Nilikuwa na njaa sana.

Jioni, Bi Zuhura alipokwenda kuswali na Masanja akiwa ametoka, nikakaa na Rehema chumbani anamnyonyesha mtoto. Nikamwambia kilichonileta. Arobaini ikiisha, nataka aje Usagara. Maziwa yapo, nafasi ipo, na huyu ni damu yetu. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Mama, kwako ni kuzuri," akasema. "Lakini nilipokuja mara tu baada ya kuolewa, siku zote zile nilikula peke yangu. Ulikuwa unaniletea chakula kizuri, unafunga mlango, unakwenda kula jikoni umesimama. Nilidhani hunitaki."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Sikujua, mama. Nilikuwa nalia."

Mimi nimelelewa hivyo. Mgeni anapewa sehemu bora na nafasi ya kula bila kutazamwa, na mwenye nyumba anakula atakachobakiza. Mama yangu alifanya hivyo, nami sikuwahi kumuuliza mgeni yeyote kama amependa. Nikamuuliza Rehema kama na Masanja anaona hivyo. Akasema Masanja hajamwambia, ila kila akitoka Usagara anafika na njaa.

Asubuhi niliwahi jikoni kabla ya Bi Zuhura. Nikaosha michembe, nikaichemsha mpaka ikalainika, nikatwanga karanga na kuzimimina humo, nikaiacha ichemke taratibu na chumvi kidogo. Ni chakula cha mzazi, kinaleta maziwa, na baada ya siku za nyama na pilipili tumbo linakishukuru. Bi Zuhura akaja, akaonja, akauliza kama aongeze tui la nazi. Nikamwambia aache. Akacheka, akaacha.

Nikapakua kwenye bakuli moja kubwa. Nikaliingiza chumbani kwa Rehema, nikaukuta mlango umerudishwa, nikausukuma mpaka mwisho, nikaweka na kiti usijifunge. Nikakaa chini, magoti yanalia, nikachota kijiko cha kwanza mimi. Nilijisikia kama nimevua nguo mbele ya watu. Rehema akanitazama, kisha akachota. Alikula sana. Bakuli lilipokaribia kuisha tukakutana vijiko kwenye kipande cha mwisho, akakisukumia kwangu, nikakikata katikati.

Akasema, "Arobaini ikiisha nitakuja wiki mbili."

"Mwezi."

"Wiki mbili kwanza, mama. Tuone."

Nikakubali. Kwa mtu mwingine ningeng'ang'ania, lakini huyu alikuwa ameshanieleza alivyolia.

Bi Zuhura alituchungulia na mtoto begani. Aliliona bakuli tupu, akasema kumbe mkwe wake anajua kukaa chini, ni jana tu alikuwa anadengua. Nikamwambia magoti yangu ni mazima kuliko yake. Akaniambia nije na siku ya Idi basi, tuone. Nilimwona usoni amepungukiwa kitu, anamtazama Rehema kama mtu aliyesikia habari za kuhama. Alijua tumeongea nini.

Saa nne hivi nikaaga. Masanja alinisindikiza mpaka mjini nipande gari. Tulisimama tunangoja abiria wajae, akaniuliza leo nikifika nitakula nini. Nilijaribu kukumbuka ni lini amewahi kuniuliza hivyo, nikashindwa, labda kwa kuwa hajawahi kuniona nakula. Nikamwambia sijui. Ugali na maziwa, pengine. Kisha nikamwambia karakana haifunguliwi mpaka keshokutwa, kwa hiyo apande gari twende akale na mimi.

"Tule wote?" akauliza.

"Nimesema na mimi. Unataka nikuandikie?"

Akapanda. Tulipofika Butimba akampigia Bi Zuhura simu kumwambia hatawahi kiporo cha leo. Sauti ya yule mama niliisikia kutoka kiti cha nyuma, haikuhitaji simu. "Na huyu samaki niliyekuwekea nimpe nani?"

Usagara tulifika jua kali. Nilisonga ugali, nikachuma majani ya maboga nyuma ya nyumba, nikayapika na karanga zilizobaki, tukala jikoni, mimi kwenye kigoda na yeye juu ya gunia la mahindi, bakuli la maziwa katikati yetu. Alikula mpaka akafungua mkanda. Nilijifunza kwamba kumbe mwanangu anaongea sana akiwa anakula. Aliniambia mambo ya kazi yake na ya mtoto ambayo sikuyajua mwaka mzima, na kati ya tonge na tonge alinitania jinsi nilivyokaa na maji yangu kwenye kiti cha Bi Zuhura, nimenuna.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Yule mama ana ziwa, ana sinia, na ana wiki zote zilizobaki mpaka arobaini. Lakini mchana ule, nikimtazama Masanja anachovya tonge kwenye maziwa yangu, nilijua kwamba Pasiansi kuna mtu ameinama juu ya samaki wa mtu asiyekuja. Nilimhurumia. Kidogo tu. Kisha nikamwongezea mwanangu ugali.