Mama Soli Akataa Kukaa Chini

Mama Soli hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa ameketi kazini, mguu wake mmoja ulikuwa ukichezacheza chini ya meza, na akimaliza kushona kiatu alikigeuza, akakigonga kisigino, akakigeuza tena kama mtu anayetafuta kosa. Ufundi wa viatu aliupata kwa marehemu baba yake, pamoja na kibanda kilichobanwa kati ya duka la simu na ukumbi wa wanajeshi wastaafu. Ukumbi huo ndio uliomweka mjini. Wazee wale walizijali buti zao kuliko walivyoyajali meno yao, naye alizijua zote.

Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikwenda kupigana nje ya nchi akiwa kijana mcheshi, akarudi na viungo vyote, lakini mlango ukibamizwa tu anaruka. Kila asubuhi alipita kibandani, wakataniana kidogo, kisha akaingia ukumbini kwa wenzake.

Sasa ikatangazwa redioni kwamba jeshi litapelekwa tena kule kule. Wastaafu wakamwendea mwenyekiti wa mtaa na ombi: kitundikwe kitambaa kikubwa njia panda, kiandikwe "Mtaa Mzima Unaunga Mkono Vita". Mwenyekiti akaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, watu wazima na vitambi vyao wakajikunja kwenye madawati ya watoto.

Aliyezungumza kwa niaba ya wastaafu ni mzee waliyemwita Sajini, aliyeacha vidole vya mguu wa kulia huko vitani. Alizungumza vizuri, akapigiwa makofi.

"Kuna mwenye neno?" mwenyekiti akauliza, huku akifunga faili lake.

Mama Soli alikuwa amesokota mkanda wa mkoba mpaka ukakaribia kukatika. Akajikuta amesimama.

"Mimi ninalo. Andikeni kwamba wastaafu wanaunga mkono, hilo ni kweli. Msiandike mtaa mzima. Mimi ni wa mtaa huu na siungi mkono. Vita vile vya kwanza hatujaambiwa mpaka leo vilitupatia nini. Kabla ya kupeleka vijana wengine, tuulize."

Sajini akageuka na dawati lake lote.

"Kaa chini! Ulikuwa wapi wewe, sisi tukipigwa risasi?"

"Nilikuwa hapa, mzee. Nikishona viatu."

"Basi zungumzia viatu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti, akitaka kupoza mambo, akasema, "Jamani, mama ana haki ya kusema. Kaka yake wa damu alikwenda vitani."

"Hapana, mwenyekiti," alisema Mama Soli. "Usinipe ruhusa kupitia mgongo wa kaka yangu. Hata nisingekuwa na ndugu jeshini, ningesimama. Mzee wangu, nakuheshimu kwa yaliyokupata. Lakini kukuheshimu ni kitu kimoja, kukubaliana na wewe ni kingine."

Hakukaa. Alimtafuta kaka yake kwa macho, akamwona nyuma karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Alipoangalia tena, mlango ulikuwa wazi na kaka hayupo.

Kitambaa kilitundikwa vile vile. Wastaafu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na buti zao wakampelekea fundi mwingine kule sokoni. Kaka yake naye hakupita tena. Mama Soli alikuwa akipaka gundi kwenye soli, anaiacha, anatoka kuchungulia barabara, akirudi gundi imeshakauka.

"Mama, si uombe radhi tu yaishe?" binti yake, aliyekuwa akifanya kazi duka la dawa, alimwambia.

"Niombe radhi kwa neno gani? Nitajie tusi moja nililotoa."

"Hukutukana. Lakini hulali, huli."

Hilo hakuweza kulibisha. Alikuwa akiosha vyombo huku akiyarudia maneno yake kichwani, moja moja, na haoni la kufuta. Moyo haukutulia hata hivyo. Kilichomkera ni kwamba kaka yake aliyasikia mbele za watu, hakuwahi kuambiwa faraghani. Akavaa viatu, akaenda kwake.

Alimkuta sebuleni na redio yake. Kaka hakunyanyuka.

"Umenikasirikia, kaka."

"Rafiki zangu walibaki kule. Ukisimama ukasema vile, unasema walikufa bure."

"Sikusema hivyo. Nilisema tuulize."

"Kwangu mimi ni yale yale."

"Basi nijibu wewe uliyekuwepo. Vilitupatia nini?"

Kaka akanyoosha mkono. Akaongeza sauti ya redio. "Usiniulize hivyo nyumbani kwangu."

Mama Soli akaondoka kwa haraka hata akaipita njia ya kwake bila kujua.

Aliyekuja kibandani hatimaye ni Sajini. Alikuja akichechemea, kiatu cha kulia mkononi. Yule fundi wa sokoni alijaza pamba ovyo pale vidole vilipokosekana, na mguu ukatoka malengelenge.

"Nimekuja kwa ajili ya kiatu," alisema. "Sikuja kwa ajili yako."

"Kiatu kitatengenezwa. Keti, mzee."

Sajini akaketi. "Ulituaibisha."

"Niliwapinga. Waliokuwa wanacheka pale walikuwa upande wako."

"Sisi tulipigana ili watu kama wewe muwe huru kusema!"

"Basi nimesema."

"Siyo hivyo!"

"Vipi sasa? Nisubiri mniandikie maneno?"

Sajini akasimama aondoke, akakumbuka ana kiatu kimoja, akaketi tena. Mama Soli akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, na mzee akajikuta anacheka naye kwa shingo upande. Wakabishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibanda: mipaka, majirani, waliokufa, walioamua. Hakuna aliyemgeuza mwenzake.

"Umekosea kabisa," Sajini alisema akifunga kamba.

"Na wewe pia."

"Lakini ile 'kaa chini' haikuwa sawa. Wewe si kuruta wangu." Akaondoka bila kuaga.

Katika mkutano uliofuata, mwalimu mmoja alisimama kukipinga kitambaa. Wastaafu wakaanza kumzomea. Sajini akagonga dawati.

"Mwacheni amalize! Nitamjibuje kama sijamsikia?"

Akamsikiliza, akamjibu kwa ukali, hakumwachia hata nukta. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia kwamba yeye binafsi anaona fahari zaidi kuweka jina lake mwenyewe kuliko kujificha nyuma ya majina ya watu wasiokubali. Walinuna, wawili wakatoka nje, lakini kitambaa kilishushwa, kikaandikwa upya: "Wastaafu wa Mtaa Wanaunga Mkono Vita".

Jeshi liliondoka hata hivyo. Siku malori yalipopita barabara kuu, Mama Soli alifunga kibanda akaenda kusimama kando ya njia. Ndani ya malori walikuwa vijana wanaotabasamu kwa woga, na yeye hakuwa na ugomvi nao, akawapungia mkono mpaka bega likauma. Ng'ambo ya barabara kaka yake alikuwa amesimama wima, akipiga saluti.

Malori yalipokwisha, kaka akavuka.

"Mimi sijabadilika," alisema.

"Wala mimi, kaka."

Vumbi lilikuwa bado halijatua. Kaka alikuwa akitazama lilikopotelea lori la mwisho, akifungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Twende basi. Wifi yako amepika."

Wakaenda, Mama Soli akitangulia kwa mwendo wake wa haraka, kila mara akisimama kumsubiri.