Shangazi Hayumo Kwenye Video

Huku kwetu Kyela mtu hajazikwa sawasawa mpaka video ya msiba itoke. Tulipomzika baba mkubwa kule Ndandalo, tulikodi mpiga video kutoka Kasumulu, na kazi yake ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ilipendeza kuliko marehemu. Gari la mheshimiwa lilionekana kila upande, hata chini. Mbwa wa jirani alionekana vizuri, tena zaidi ya mara moja.

Shangazi yangu, dada wa marehemu, hakuonekana hata kisigino.

Alikuwa nyuma ya nyumba, migombani, akipika. Kwetu wenye uchungu hupewa masufuria, viti vya mbele huachiwa wenye suti. Lakini mtoto wa marehemu, anayeishi ng'ambo na aliyeshindwa kuja, aliitazama yote kisha akauliza mbele ya ukoo mzima: "Shangazi hakuja kumzika baba?"

Kwetu, kuliko kuambiwa hukumzika ndugu yako, heri uitwe mwizi wa kakao. Shangazi alinijia na kanga ya shambani.

"Wewe si ndiye bingwa wa kuulizauliza? Nitafute humo. Nikifa leo, wajukuu watasema nilimsusa kaka yangu."

Nikamfuata mpiga video. Jikoni alipiga kidogo, akafuta ili gari la mheshimiwa lipate nafasi.

"Nani hutazama wapishi, bosi?"

Nikamwomba picha zilizobaki, zile ambazo hajazikatakata, nikakaa nazo na shangazi sebuleni.

Tukafika kwenye maombi ya kaburini, pembeni ya nyumba. Kwenye video ya kundini, hapo palifunikwa na kwaya. Sasa tukasikia kilichofunikwa. Vichwa vimeinama, mchungaji amenyamaza kuvuta pumzi, mara sauti kali ya shangazi ikatoka migombani: "Nani kaniibia mwiko? Hata msibani, washenzi nyie?"

"Dada, si umeushika?" mwingine akajibu. Kikafuata kicheko cha wanawake. Mchungaji akazidi kufumba macho.

Nilidhani shangazi ataona aibu.

"Rudisha nyuma," alisema. "Anayecheka kama anakohoa ni yule wa Ngonga, alikuja na mchele wake. Mwenye sauti nyembamba ni Mkisi wa ziwani, alitembea na chungu kichwani. Nao hawamo. Tuma hiyo, na kwaya isiwepo."

"Na hayo matusi? Mchungaji yumo kundini."

"Si alikula?"

Nikatuma. Mtoto wa marehemu akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka huku anavuta kamasi. "Ndaga, asante sana, shangazi. Nisamehe. Kumbe ulikuwepo."

Shangazi alininyang'anya simu, akaiweka mdomoni kana kwamba anataka kuing'ata.

"Nilikuwepo. Na hao wanaocheka walikuwepo. Kaa chini nikutajie mmoja mmoja, na nani alipika nini."

Akaanza na mbalaga, zile ndizi zetu za kupika. Nikaenda kubandika chai, maana wapishi walikuwa wengi.