Siku Niliyokataa Kumwitikia Mama

Kafuri ikinipita puani, wenzangu huona sanda. Siwalaumu, kwetu Magomeni kafuri haiingii nyumbani ila kuna maiti wa kuoshwa. Mimi huona kwanza ngazi za umeme, safu za viti vyekundu, na chui mweupe anayetoka jukwaani kinyumenyume. Ndivyo ilivyonuka siku ile katika mji wa Guangzhou, kule Uchina, miaka ile ya mwisho ya tisini: kafuri ya makasha ya zamani, na juu yake gundi ya zulia jipya, mpaka kichwa kinauma. Harufu ya vitu vilivyokaa sandukuni tangu enzi za mababu, na harufu ya vitu vilivyotandikwa juzi. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo msomaji anisamehe nikienda kushoto kabla ya kulia. Naandika kama ninavyosema, na kusema kwenyewe wajukuu wanalalamika kwamba nazunguka sana. Ndiyo, nina wajukuu, ingawa mvi bado ni za kuhesabu. Niliolewa mapema na binti yangu naye hakuchelewa. Hayo tuyaache.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alinunua Guangzhou akauza Kariakoo, na safari hiyo alinichukua nami, miaka kumi na miwili, kwa sababu baba alikuwa ameoa kwingine na mama hakuwa na wa kuniachia. Lakini sababu ya kweli ni nyingine. Kabla yangu mama alizika wawili. Mmoja wa surua, mwingine alilazwa mzima jioni, asubuhi hakuamka. Tangu huyo wa pili, mama hakujua tena kulala moja kwa moja. Huamka katikati ya usingizi akaita, "Mwajuma!" nami, nimelala au sijalala, nimwitikie, "Abee, mama." Basi, hugeuka ubavu. Hakuwa ananiitia kitu. Kila mtoto wa kike wa kwetu anajua kwamba ukiitwa na mkubwa huulizi "nini", unaitika abee na miguu imeshaanza kwenda. Kwangu mimi ilikuwa zaidi ya adabu. Ilikuwa ndiyo habari yenyewe, kwamba nimo, napumua. Alinipa ruhusa moja tu ya kunyamaza: nikiitwa usiku na sauti nisiyomwona mwenyewe nje ya dirisha, nisiitike, maana wapo viumbe hujua majina ya watoto wa watu.

Tulipanga chumba mtaa wa Xiaobei, si mbali na Tianxiu, lile jengo refu ambalo Waafrika walikuwa wameanza kujaa na mizigo yao. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja, Bibi Lan, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyochomwa na sindano miaka mingi. Alikuwa mtunza mavazi wa kikundi cha opera ya Kikantoni, yale maigizo yao ya kale ya kuimba, yenye nyuso za rangi na mikono ya hariri inayoburuzika chini. Makasha ya kikundi yalikaa chumbani kwake, na kila kasha lina kafuri ndani kuzuia wadudu. Siku ya kwanza mama alivuta pumzi mlangoni akaninong'oneza, "Nyumba hii ina maiti, Mwajuma." Tukakaa hivyo hivyo, kodi ilikuwa nafuu. Mama akitoka asubuhi kwenda masoko ya Zhanqian na Shahe kupigania bei za suruali, mimi nilibaki na Bibi Lan, na kwa miezi mitatu nikaokota lugha yake kama mtoto anavyookota kokoto, bila kujua mfuko umejaa. Chai yake sikuizoea. Haina sukari, haina maziwa, maji ya majani matupu, na ukimaliza kikombe anakujazia tena kama adhabu.

Aliyekuja mara kwa mara ni Mzee Kam, mwimbaji mkuu wa kikundi. Alikuwa na goti bovu na kikohozi, akipanda ngazi mpaka kwetu anapumzika mara mbili. Bibi Lan aliniambia kwamba mzee huyu jukwaani ni kijana wa miaka ishirini, nikacheka mpaka nikafunika uso. Msimu huo walikuwa na jambo. Walikuwa wamepewa ukumbi mpya kabisa, ghorofa ya tatu ya jengo la kioo, wenye pazia linalofunguka kwa mota, taa za kubonyeza, vipaza sauti vinavyoning'inia, na ubao pembeni unaowaka maneno ya nyimbo kwa herufi nyekundu. Hakuna mtu aliyewahi kuigiza pale. Na kwao, jukwaa ambalo halijakanyagwa lina Chui Mweupe ndani yake, ana njaa, anamngoja wa kwanza. Lazima kwanza alishwe, afungwe, atolewe. Meneja wa ukumbi, kijana wa tai, alisema mambo hayo ni ya vijijini, yeye ana mitambo ya kisasa. Mzee Kam akamjibu kwamba basi mitambo hiyo iimbe yenyewe. Wakakubaliana kwamba kazi ifanyike saa ya chakula cha mchana, meneja akiwa amekwenda kula, asione wala asiulizwe.

Nilimsihi Bibi Lan anichukue. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali kwa sharti. Alinikalisha, akanishika kidevu. "Tangu ngoma ya kwanza mpaka chui atoke, hakuna anayesema. Hakuna anayeita jina la mtu. Na jina la mtu likiitwa, mwenyewe haitiki, kwa sababu chui anasikiliza nani ni nani. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Alimwambia muuza matunda wa chini, kwamba mama yangu akirudi aelekezwe ukumbini, kisha tukaenda. Mlangoni alinitia mdomoni kipande cha tangawizi ya sukari, niwe na kazi ya kufanya na ulimi. Ngazi za umeme sikuwahi kuzipanda. Nilizikanyaga kwa miguu miwili kama naingia mtumbwini.

Tuliketi safu za nyuma. Taa zote zimezimwa isipokuwa moja, nyeupe, katikati ya jukwaa, na pembeni kimesimama kiti kimefungwa kipande cha nyama mbichi ya nguruwe. Hapo nilijiambia kwamba mama asijue. Watu wa kikundi wamesimama kando, kama thelathini, wanaume wazima na wanawake wazima, na hakuna hata anayejikohoza. Ngoma ikapigwa. Akaingia mtu mwenye uso mweusi tii, ndevu mpaka kifuani, mjeledi wa chuma mkononi, anakanyaga sakafu kama anaiambia nani bwana wake. Sikumjua. Nilitazama magoti yale yanavyopanda mpaka usawa wa kiuno, na muda mrefu ukapita kabla sijaelewa kwamba moja kati ya hayo ndilo goti bovu la Mzee Kam. Kisha chui akatambaa kutoka gizani. Ni mtu ndani ya vazi jeupe, najua sasa na nilijua wakati ule, niliona hata mshono mgongoni. Lakini mwili wangu haukujua. Alinusa hewa, akageuza kichwa pole pole kuelekea viti, nami nikahisi nywele za shingoni zinasimama. Aliing'ata nyama ile, na yule wa uso mweusi akamrukia, wakaanza kupigana bila sauti ila ngoma na pumzi.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. "Hodi!" Sauti ya mama. Mama hawezi kuingia mahali bila hodi, hata pangoni. Hakujibiwa. "Mwajuma!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mshindo wenyewe nimewahi kuusikia ndani ya kifua changu. Watu wa kikundi waligeuza macho, hakuna aliyegeuza kichwa. Bibi Lan aliniwekea kiganja juu ya goti, hakubana, aliweka tu. Mama hakuniona, ametoka kwenye mwanga, mbele yake ni giza na safu za viti. Akaita mara ya pili, na humo nikasikia kitu nilichokijua, ile sauti ya usiku, ya mtu anayeshika shuka kutafuta kama kuna joto. Abee ilikuwa imeshafika kooni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwahi hata siku moja kuimeza. Jukwaani chui alikuwa ameshavishwa mnyororo shingoni lakini bado hajalala, anajitupa, na Mzee Kam anateleza. Nikaing'ata tangawizi ikapasuka, moto ukanijaa mdomo, machozi yakanitoka. Mama akaita mara ya tatu. Mara ya tatu haikuwa kuita tena. Wala hiyo sikuiitikia.

Chui alilala. Mzee Kam akampanda mgongoni, akavuta mnyororo, na wote wawili wakaondoka kinyumenyume, taratibu, mpaka giza la pembeni likawameza. Ngoma ikagonga mara moja ikanyamaza. Ghafla watu wote wakaanza kusema kwa pamoja, kama bomba lililozibuliwa, nami nilikuwa nimesimama juu ya kiti napiga kelele, "Abee, mama! Abee! Abee!"

Alinikumbatia kwanza, ndipo akanifinya sikio. "Nimekuita mara tatu."

"Nilikusikia, mama."

"Ulinisikia?" Uso wake ulikuwa umelowa. Nikamweleza kwa haraka: kuna kitu kilikuwa kinatolewa, mtu akiitwa hatakiwi kuitika, kingenijua. Nilingoja kofi. Mama alitazama jukwaa, lile la taa na vipaza sauti na ubao wa herufi nyekundu, akatazama na kile kiti. Akauliza pole pole, "Hata huku wanao?"

Wanaume wawili wa kikundi walikuwa wamekunja nyuso, wakimnung'unikia Bibi Lan kwamba mgeni ametia mkosi. Bibi Lan aliwajibu bila kuacha kukunja nguo. "Jina limeitwa, nani kaitika? Halafu chui huyu ni wa hapa hapa Guangdong. Kiswahili kakisomea wapi?" Mzee Kam akatokea, nusu ya uso imefutwa, anachechemea tena kama kawaida, akamtazama mama juu mpaka chini. Akasema nimtafsirie mama yangu kwamba sauti yake imefika mpaka kwenye ukuta bila kipaza sauti, na vijana wake wa kuimba hawawezi. Kesho aje akae mbele. Mama alisema, "Mwambie ahsante, na mwambie ajifunike kifua, ana kikohozi." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mama alikuwa na uchungu wa kumgawia kila mtu.

Kesho yake mchana tulikaa safu ya pili. Pazia lilifunguka lenyewe na mama akanishika mkono. Kisha akaingia kijana. Sijui niseme vipi. Mashavu ya waridi, nyusi zimepaa, mikono ya hariri nyeupe anairusha ikapaa kama mvuke wa chungu, inarudi kiganjani yenyewe, na sauti nyembamba kali inayopanda, inasimama juu kabisa, inakataa kushuka. Taa za kisasa zilimbadilisha rangi, bluu, nyekundu, na yeye hakuzijali, kama mtu anayetembea sokoni kwao na jua ni jua tu. Mama alikuwa mpenzi mkubwa wa taarabu, na katikati ya wimbo, bila kujua neno hata moja, mkono wake ukainuka wenyewe kama wa mtu anayetaka kwenda kumtunza mwimbaji pesa. Nikamwambia ndiye yule mzee wa kikohozi. Alinikatalia. "Yule ana umri wa baba yangu. Huyu bado hajaoa." Mpaka mwisho wa maisha yake hakukubali, na mimi sikumshurutisha. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine ukishayaona ni bora kuyaacha yalivyo.

Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha opera hizo kwenye simu, mtu mzima ana ukubwa wa kidole, na akichoka anamfuta. Namwita niko jikoni, hasikii, masikio ameyaziba na nyaya zake, akisikia ananijibu "nini?" Simpigi. Namtazama tu nikifikiri kwamba hajui neno lile moja linaweza kuwa zito kiasi gani mdomoni. Usiku nikishtuka sasa ni mimi ninayeita, na anayenijibu ni feni.

Mama alifariki mwaka juzi, mvua za masika zikinyesha. Tulimwosha wanawake watatu, na ilipofunguliwa kafuri, Mungu anisamehe, sikuiona sanda. Nilinusa gundi ya zulia, nikamwona chui anarudi kinyumenyume amefungwa, na mlangoni kasimama mwanamke ametoka juani, haoni kitu, anaita. Nikaweka kata chini. Nikaitika mara tatu, kwa sauti, si kwa kunong'ona. Shangazi aliyeshika ndoo alinitazama, akadhani uchungu umenipanda kichwani, akaniambia taratibu, "Hakuna aliyekuita, mwanangu." Nikamwambia najua, nikaendelea kumwagia mama maji.