Inchi ya Kwanza

Mama huyu tunamwita Mama Pindo, na nadhani hata mumewe ameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Ukipita mtaani kwetu, chumba chake ni kile chenye mlango wa bluu, kati ya kinyozi na muuza vifungo. Ndani mna cherehani moja, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kiti cha mbao chenye mto ambacho hakikaliwi. Mteja akikisogelea huambiwa kwa upole, "Samahani dada, hicho kina mwenyewe," kisha huvutiwa kigoda.

Mwenyewe ni nani? Vuta na wewe kigoda nikusimulie.

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pindo alishona chini ya fundi mmoja mzee wa makoti, ambaye wote dukani walimwita Baba Mkasi. Hakuwa msemaji. Ukimaliza kazi unampelekea, anavaa miwani, anapitisha ukucha wa dole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Ukucha ukikwama, anakurudishia nguo bila neno. Usipokwama, anasema, "Inapita." Basi. Sifa nyingine hazikuwapo pale, wala hakuna aliyezitamani.

Futi yake ya kupimia ilikuwa ya kamba, kuukuu, na inchi ya kwanza yote ilikuwa imekatika. Waliomnunulia mpya walishukuriwa, na mpya ikatiwa kabatini. Kwa hiyo kila fundi alijifunza kutoa moja: ukisoma thelathini na tano kifuani, unaandika thelathini na nne. "Inchi ya kwanza si ya mteja," mzee alikuwa akisema. Mwaka wa kwanza unatoa kwa kufikiri. Mwaka wa tano mkono unatoa wenyewe.

Mama Pindo aliondoka pale vibaya. Hakuiba, hakutukana mtu. Alinunua cherehani kimyakimya, akapanga chumba kimyakimya, akijiambia atamwambia mzee kesho, na kesho ikazaa kesho. Mwishowe aliyemwambia mzee ni muuza vifungo, tena kwa kumpongeza. Asubuhi ile mzee alikuwa anapiga pasi. Mama Pindo akaeleza, akaomba radhi, akaeleza tena. Mzee hakuinua macho.

"Haya," alisema, akaligeuza koti upande wa pili.

Neno hilo ndilo alilohama nalo.

Mwanzoni majirani walimletea vitambaa kwa kumtia moyo. Alikuwa na futi mpya ya njano, ncha yake ya bati ikimetameta. Akapima, akakata, akashona. Wiki ya pili nguo zikaanza kurudi. Mke wa kinyozi alisema gauni limempendeza sana, ila haruhusiwi kupumua. Mwalimu wa shule aliuliza kwa adabu kama vipimo vile vilikuwa vyake au vya mdogo wake. Na Mama Pindo, kwa woga wa mwenye biashara changa, akafanya kosa kubwa kuliko la kitambaa: aliwaambia wamenenepa. Wawili wakakunja nguo zao wakaondoka. Wa tatu, shangazi wa mumewe, akamtazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, nimenenepa tangu Jumanne?"

Hapo ndipo alipojishonea gauni lake mwenyewe. Likambana. Akalitandika mezani juu ya lile la zamani, na kila upande lilipungua. Akaizungusha futi ya njano kiunoni, akausikia mdomo wake ukisema thelathini, na akauona mkono wake ukiandika ishirini na tisa.

Akakaa sakafuni. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Duka la mzee alilihama, kumbe ile inchi alikuja nayo. Na pale alipokaa alitamani kitu kimoja tu, ageuke nyuma amsimulie Baba Mkasi. Huyo ndiye mtu pekee ambaye angeelewa bila kuelezwa.

Kilichomwokoa nacho kilikuwa cha mzee. Baba Mkasi hakumruhusu fundi kukata kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. "Acha nguo ndani ya nguo," alizoea kusema, "mtu hubadilika." Basi kila gauni lililobana lilikuwa limeficha nafasi tumboni mwake. Mama Pindo akapita mlango kwa mlango, akianzia kwa shangazi, akikiri kwamba hakuna aliyenenepa, ni mkono wake tu. Akafumua, akapanua, hakutoza kitu. Shangazi alijigeuza mbele ya kioo na kusema kwamba sasa yuko tayari kunenepa. Wateja wakabaki.

Lakini kila alipomaliza mshono alipitisha ukucha wake, na lile neno "Inapita" halikumtoka. Alijaribu mara moja, likasikika kama uongo. Akanunua kiti, akakishonea mto. Kwenda kwa mzee aliona aibu. Alijiambia, siku mzee akipita mtaani ataingia akikalie. Ikapita miaka miwili. Akasikia macho ya mzee yamefifia, amefunga duka, anaishi kwa binti yake.

Siku moja binti huyo akaingia na furushi. Ndani mlikuwa na koti la mzee, na ile futi kuukuu, imechomwa pini mahali pa kifua.

"Baba amepungua," akasema. "Anataka lipunguzwe. Nimemwambia kuna fundi karibu na nyumbani, hataki. Kasema lipelekwe mlango wa bluu."

"Amejuaje ni wa bluu?"

"Aliniuliza rangi. Huwa namleta mtaani hapa, dada yangu. Tukifika kwa muuza vifungo anasimama, anasikiliza cherehani yako, halafu anasema turudi."

Muuza vifungo, ambaye zamani alisema mapema mno, safari hii alikuwa amenyamaza.

Mama Pindo alilifumua koti lile kama anayefunua barua. Hakusoma namba. Aliilaza futi ya mzee, akafuata pini. Na hakukata hata uzi wa kitambaa. Alikikunja ndani chote.

"Mwambie nimeacha nguo ndani ya nguo," akamwambia binti. "Akinenepa nitalipanua. Ila aje mwenyewe nimpime."

Baada ya wiki binti akarudi, mikono mitupu.

"Amepitisha ukucha?" Mama Pindo aliuliza.

"Mara mbili. Akasema inapita." Binti akatabasamu. "Ila anadai koti linambana kidogo kwapani."

"Haliwezi kubana."

"Najua. Hata mimi nimelitazama. Nadhani anatafuta sababu ya kuja."

Mpaka leo mzee hajaingia. Mto wa kile kiti hukung'utwa kila asubuhi. Na Mama Pindo, hata siku isiyo na kazi, hutia kitambaa chakavu chini ya sindano, akashona, akafumua, akashona tena. Hapendi cherehani inyamaze. Huenda kuna mtu amesimama kwa muuza vifungo, anasikiliza.