Kalkuleta ya Grafu na Betri Juu ya Bati

Enzi zetu, wenzangu mliofua sare kwa majani ya mpapai, hesabu ilikuwa kazi ya mikono. Nilisoma sekondari milimani huku Upare, juu ya Same, ambako asubuhi ukungu uliingia darasani bila hodi na mchana tulikula makande. Kitabu kimoja cha logi, kile cha majedwali ya kukokotolea, tulikitumia benchi zima, na karatasi ya grafu tuliipiga mistari wenyewe kwa rula ya mbao. Ndiyo, vijana, mstari mmoja mmoja. Msinitazame hivyo.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Sabuni ikarudi dukani, mitumba ikamwagwa chini pale Hedaru, na siku moja ikaja kalkuleta. Aliileta injinia mmoja aliyewahi kusoma shuleni kwetu, akiwa likizo kutoka ng'ambo. Haikuwa hizi za kujumlisha bei ya sukari. Ilikuwa na kioo kipana. Ukiiandikia mlinganyo inakuchorea grafu yake, na ukiifundisha hatua za hesabu inazihifadhi. Akamwachia Mwalimu Mshana, mwalimu wetu wa hesabu, akasema, "Ijaribuni mpaka nitakapopita tena kuaga. Mkiniambia inawafaa, nitawatafutia za darasa zima."

Za darasa zima! Tulipagawa.

Mwalimu Mshana alikuwa mfupi, mkali kwa uvivu na mpole kwa ujinga. Aligawa zamu za kalkuleta kama wazee walivyogawa maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba: kila benchi na saa yake, na anayechelewa asimlaumu mtu. Rafiki yangu Nakijwa ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi. Kwa siku kadhaa yeye na Mwalimu waliifundisha mashine ile kutafuta majibu ya milinganyo, hatua kwa hatua, sisi tumewazunguka tukipumuliana shingoni. Ilipokubali, tulishangilia mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza nani amefunga goli.

Siku ya mgeni wetu injinia kupita kuaga ilipokaribia, kioo kikaanza kufifia. Betri zake zilikuwa nyembamba, si zile nene za redio, na aliyetumwa Same mjini kuzitafuta alirudi mikono mitupu. Basi Mwalimu akafanya ambacho baba yeyote wa huku angefanya redio ikififia kabla ya taarifa ya habari: akazitoa zote, akazianika juu ya bati. Na kweli, jua likazipa uhai. Lakini kalkuleta iliporudishiwa betri, iliamka imesahau kila ilichofundishwa. Kazi yote ya Nakijwa ilikuwa imefutika. Alilia, jamani, kama aliyefiwa.

Kesho yake mgeni akafika. Sisi tulishakubaliana kwamba Mwalimu aseme tu mashine inatufaa. Habari za betri nani atazijua? Nakijwa akamwahi Mwalimu mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Tafadhali usimwambie. Atatunyima."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akaingia.

Alimweleza mgeni yote, hata habari za bati. "Ni mashine nzuri sana," alisema. "Lakini betri zake huku hazipatikani, na zikitoka inasahau. Kwenye mtihani hairuhusiwi. Hawa wanangu wakiizoea, siku ikizima watabaki na nini? Ukitaka kutusaidia, tuletee karatasi za grafu na vitabu vya logi."

Mgeni aliondoka na kalkuleta yake. Jioni ile Mwalimu alibeba madaftari yetu peke yake mpaka ofisini. Hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Karatasi zilikuja kweli, maboksi kwa maboksi, na vitabu vya logi kila mtu na chake. Tulichora grafu mpaka tukaziota usingizini. Nakijwa leo ni mpimaji wa barabara, na wengi wetu tunakula mkate wa hesabu zile.

Mwanangu huchora grafu kwenye simu kabla sijapata miwani yangu. Nikimuuliza kwa nini mstari umepinda pale, ananijibu, "Mama, simu ndiyo imechora." Nacheka. Simlaumu, nafurahi kwamba hajui kukosa betri. Ila mimi nikiuona mlinganyo, mkono wangu unajua unakoelekea kabla sijashika kalamu, na furaha hiyo sijui nitamrithisha vipi.

Siku ile mgeni alipokuja kuaga, nilikaa benchi la mbele. Kabla ya kumrudishia mgeni kalkuleta, Mwalimu aliitoa mfukoni, akakifuta kioo kwa leso yake taratibu, akaiandikia mlinganyo mmoja, akaitazama ikichora mara ya mwisho. Nilikuwa nimenuna, sikuelewa. Leo nami nina watoto, naelewa: aliitaka kuliko sisi sote. Asante, Mwalimu. Ulitunyima, nawe ukajinyima.