Dawa za Bibi kwa Jina Langu

Mara ya kwanza bibi aliponituma duka la dawa, alinivuta mpaka sikio langu likagusa mdomo wake, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

"Mwambie mkojo unachoma. Akikuuliza nani, sema wewe. Na usimwambie mtu."

"Mie, bibi?"

"Ee, wewe. Wewe mtoto, nani atakujali? Mie mjane, mwaka wa nane huu sina mume. Nende nikaseme utupu wangu unawaka moto? Watu watanifikiriaje?"

Kubisha siwezi. Mimi hata nikiambiwa nisome kwa sauti darasani napoteza mstari. Na bibi ndiye anayenilea. Mama anapika katika hoteli moja ya Paje, anakuja mara mbili kwa mwezi, na mimi nimewekwa Mji Mkongwe kwa bibi kwa sababu ya skuli. Nikavaa buibui langu nikashuka ngazi.

Hizo ngazi lazima nizieleze. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, na choo kiko chini uani, tunakitumia watu wa nyumba nzima. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na pembeni kuna kamba ya kushikilia. Bibi magoti yake mabovu. Akishuka na kupanda, wali unaweza kukauka maji jikoni hajafika juu. Kwa hiyo alijipangia mambo yake: anatia udhu alasiri, anapanda, na udhu huo huo anaulinda mpaka amalize kuswali Isha. Ili usitenguke, akishakula chakula cha mchana hagusi maji ya kunywa. Mkojo ukimbana anabadilisha mkao, anakunja uso, anaendelea na tasbihi.

"Bibi, si ushuke tu?"

"Nshazoea."

Nilikuwa namwona mcha Mungu sana. Sikujua kama kila siku alikuwa anajilimbikizia maradhi.

Anayeuza duka la dawa ni dada mmoja anayekaa uchochoro wa pili kutoka kwetu. Alinipa vidonge vya siku tano, akaniambia nivimalize. Bibi alikunywa siku mbili, moto ukapoa, vilivyobaki akavifunga kwenye ncha ya kanga. "Hivi vya safari nyengine," akasema, kama mtu anayehifadhi sukari. Safari nyengine haikuchelewa, haikupita hata mwezi. Akanywa vile vya kwenye kanga, havikutosha, nikatumwa tena. Mara ya tatu dada wa dawa hakunisubiri nifungue mdomo.

"Wewe tena?"

Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu.

"Mdogo wangu, UTI hairudi-rudi hivihivi. Na yule mwenzio naye atibiwe, ama sivyo mtakuwa mnarudishiana nyinyi kwa nyinyi."

Mmoja wa wale wateja, mwanamme, aliinua macho kutoka kwenye simu yake akanitazama toka juu mpaka miguuni. Mimi nilichukua dawa nikasema ahsante. Njia nzima nilikuwa najiuliza kwa nini nimesema ahsante.

Mara ya nne alikataa kuniuzia. Alisema nikapime kwanza.

"Basi nenda kapime," alisema bibi.

"Nikapime nini, bibi? Mie siumwi!"

"Peleka wangu."

Nilikwenda kituo cha afya nikapewa kichupa, nikaambiwa nirudi nacho asubuhi. Wakaandika jina langu na miaka yangu, kumi na sita. Asubuhi nilikifunga kichupa cha bibi kwenye kitambaa, nikakitia katikati ya madaftari. Nilikabidhi huku sitazami mtu. Walisema mkojo wanauotesha waone ni vijidudu gani, majibu siku ya tatu.

Siku ya tatu nikaitwa ndani kwa daktari. Alikuwa mwanamke mtu mzima, ana miwani, sauti yake ya upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza.

"Umeolewa, mwanangu?"

"Sijaolewa."

"Una rafiki wa kiume?"

"Sina."

Aliandika kitu. Sijui aliandika nini mpaka leo.

"Vijidudu vilivyoota hapa ni sugu. Dawa tatu tulizozizoea haziviui. Hii ni kazi ya mtu kunywa dawa nusunusu. Wewe ulikuwa unamaliza dozi?"

Nikatikisa kichwa. Katika habari za mkojo ule, hilo tu lilikuwa kweli.

"Inayofaa ni ya sindano, na mimi siwezi kumpa mtoto aliyekuja peke yake. Kesho uje na mama yako."

Nilirudi nyumbani nikampa bibi habari. Alikuwa amelala, amejifunika kanga mbili saa nane ya jua kali, anatetemeka.

"Mwambie mama yako yuko mbali."

"Nshaambiwa siwezi kupewa peke yangu, bibi. Twende wewe."

"Siendi."

Siku mbili zikapita hivyo. Nikienda skuli namuwaza yeye na homa yake, nikirudi namkuta vilevile, kiuno kinamuuma, kula hataki. Nikisema, nimemtolea siri yake. Nikinyamaza, anaweza kunifia mikononi. Nilitamani angalau ningekuwa naumwa kweli mimi.

Jumatano alasiri akaja mama mkubwa, binti wa kwanza wa bibi, anayekaa Chukwani, nje ya mji. Nilisikia mihemo yake tangu ghorofa ya kwanza. Hakukaa. Hata salamu yangu hakuiitikia. Nilisema "Shikamoo", yeye akaanza moja kwa moja.

"We mtoto, unatafuta nini duka la dawa kila mwezi?"

Bibi alikuwa juu ya mswala, kajiegemeza ukutani, tasbihi mkononi. Nikamtazama. Shanga zilikuwa zinakwenda.

"Nnakuuliza wewe, usimtazame mama! Una bwana?"

"Sina, mama mkubwa."

"Mkojo unakuchoma kwa upepo, eti? Mji mzima unajua, mie wa Chukwani ndo naambiwa na watu harusini, nikiwa na sahani ya biriani mkononi! Chakula kilinikwama hapa!"

"Mwache mtoto," alisema bibi.

Nilingoja aendelee. Nilingoja sana. Hakuongeza neno.

"Nimwache vipi, mama? Wewe mtu mzima hushuki, humjui anapita wapi. Nshampigia simu mama yake. Ijumaa anakuja kumchukua. Akakae Paje huko, akalime mwani na wenziwe, skuli basi."

Alipoondoka, bibi alinyanyuka kuswali kama kawaida. Niliona anavyojikaza kwenye rakaa. Mimi niliandika kwenye daftari langu kuwa namchukia. Halafu nikayakata maneno hayo kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, na tundu lake likatokea upande wa pili wa karatasi, juu ya mambo ya wiki iliyopita.

Alkhamisi asubuhi sikwenda skuli. Nilimpelekea uji, hakuweza kushika kijiko. Nikamlisha vijiko vitatu, kisha mkono wangu ukasimama.

"Bibi, mie kesho naondoka. Nani atakwenda kukusemea?"

Akageuza uso ukutani.

"Nikienda, aibu."

"Aibu gani tena iliyobaki? Si yote nimevaa mie? Miezi mitano naivaa! Jana ulikuwepo, umesikia, umenyamaza!"

Sikuwahi kabla kumpandishia bibi sauti. Nilikuwa nalia na kamasi, na kibakuli cha uji kiko magotini. Nilidhani atanilaani. Uji ulishika ngozi juu kabla hajageuka.

"Nipe buibui," akasema.

Zile ngazi alizishuka kwa kukaa, moja baada ya moja, mimi nimetangulia chini yake nikimshika vifundo vya miguu. Jirani wa ghorofa ya kwanza akatoka kuuliza kulikoni. Bibi akamjibu, "Nnakwenda hospitali, mkojo unaniua," kwa sauti hasa. Mimi ndiye niliyeona haya.

Kwa daktari hakukaa mpaka aseme.

"Mkojo ule ulioupima ni wangu. Huyu mjukuu wangu hajaguswa na mtu."

Daktari alivua miwani. Alinitazama mimi, akamtazama bibi, akanitazama tena. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Hayo sikuyategemea, nikaangalia sakafu.

Alimpima upya, akamwanzishia sindano siku ile ile. Kisha akavuta kiti akaeleza, taratibu. Kwamba mwanamke akishakatikiwa na damu ya mwezi homoni zake zinapungua, na ngozi ya kule inakuwa nyembamba na kavu, vile vijidudu vizuri vinavyolinda vinaondoka, vibaya vinaingia kirahisi. Kwamba hili linawapata wanawake wengi wa umri wake, wenye waume na wasio nao.

"Kwa hiyo si uchafu?"

"Si uchafu, si zinaa. Lakini maji hunywi na mkojo unaubana, hayo umejitakia. Mimi si sheikh, bibi, lakini kuswali huku umebanwa, wewe mwenyewe si unajua hukumu yake?"

Bibi alikohoa. Anajua kuwa haipendezi, mtu aanze kujisaidia. Mimi mwenyewe yeye ndiye aliyenifundisha.

"Sindano zikiisha nitakupa krimu ya homoni. Wiki mbili kila siku ukitaka kulala, halafu mara mbili kwa wiki. Hiyo ndiyo itakayozuia isirudi."

"Ya kupaka wapi?"

"Ndani."

"Astaghfirullah! Daktari, mie tangu marehemu afe nshafunga duka."

"Hatulifungui duka, bibi. Tunatia mafuta bawaba zisishike kutu."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio. Nilikuwa na hasira bado, na nilicheka humo ndani.

Ijumaa mama alifika kabla ya saa sita, uso umevimba. Mfuko wa kutilia nguo zangu alikuwa ameubeba mkononi, mtupu. Bibi akaniambia nishuke nikaoshe vyombo. Niliosha vyombo vya jana, nikaosha na vilivyokwisha oshwa. Juu sikusikia kitu. Mama aliposhuka alikaa kwenye kibao cha kufulia mbele yangu.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikatazwa."

"Hata mimi mama yako?"

Ningeweza kumalizia hapo. Lakini nilikuwa nimechoka kusema nusu.

"Nilijua hutaniamini. Umekuja na mfuko."

Aliutazama ule mfuko kama umetoka kwa mtu mwengine. Kisha akaukunja, akaukunja tena, mpaka ukawa mdogo kama kitambaa, akaukalia.

Sikupelekwa Paje. Mama alilipanga jambo jengine: stoo ya uani, karibu na choo, ikafagiliwa, kitanda cha bibi kikashushwa humo, na cha kwangu pia, maana bibi hawezi kulala peke yake. Sasa anakunywa maji, anakwenda akitaka, udhu anatia mara tano au sita kwa siku, na miezi mitatu hii hajaungua. Mama mkubwa aliambiwa kwa simu. Alisema "Haya," akauliza bei ya nazi mjini.

Stoo haina dirisha. Ina unyevu, na harufu ya choo cha watu wa nyumba nzima inaingia chini ya mlango wakati nasoma. Kule juu kulikuwa na upepo. Sijamwambia mtu kuwa naukumbuka, kwa sababu itaonekana namtakia bibi aumwe tena.

Na dada wa dawa hakuna aliyemwambia. Krimu ya bibi haipo dukani kwake, tunaifuata Kikwajuni, kwa hiyo sipati sababu ya kumwekea mezani karatasi ya daktari yenye jina la bibi aisome. Wiki iliyopita nilisimama mlangoni kwake, nikangoja wateja watoke nimwambie mwenyewe. Aliniona akanyanyua nyusi, mkono wake ukaanza kwenda kwenye kabati la vidonge vile vile.

"Haya, umeshapima? Safari hii unataka vya siku ngapi?"

Nilisema nataka panadoli, ya kichwa. Nikalipa, nikaondoka.