Kufinya Kabla ya Alama

Ulikuwa mchezo mdogo sana, na mpaka leo sijui kwa nini tuliupigania hivyo. Gemu yenyewe ilikuwa kubwa, na kila toleo jipya lilikuja na ule mchezo mdogo ndani yake. Watu wawili wenye panga wanasimama uwanjani wakitazamana. Upepo unavuma, jani linapita, hakuna kingine kinachotokea. Halafu ghafla alama ya mshangao inatokea kati yao, na anayefinya kitufe kwanza ndiye anayebaki amesimama. Ukifinya kabla ya alama, mtu wako anajikwaa na umepoteza. Basi, ni hayo tu.

Kaka yangu mkubwa aliinunua mashine ikiwa imeshatumika, mjini Nyeri, akaileta nyumbani na kuiweka chini ya televisheni, juu ya kitambaa alichofuma mama. Tulikuwa watoto watatu, mimi nikiwa wa katikati na msichana pekee. Nao hawakuniweza. Kaka mkubwa alikuwa na pupa, kidole chake kilimtangulia kila mara. Mdogo alitazama mkono wangu badala ya kioo. Mimi nilikaa kama mtu anayechunga maziwa yasifurike, macho mahali pamoja, bila kufikiria chochote. Mtu aliyelelewa akichunga sufuria anajua kungoja, na wao hakuna aliyewahi kuwatuma jikoni.

Tuliendelea kuucheza hata tulipokuwa watu wazima, kila Krismasi. Krismasi ninayoikumbuka ni ile ya kwanza baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilikuwa nimepanga chumba Kutus, ninakofundisha, mimi na binti yangu, na kila mtu nyumbani alikuwa akiniongelesha kwa upole ule wa kuudhi.

Shamba letu linashuka kutoka barabarani hadi mtoni. Barabara ilipotiwa lami, sehemu ya juu ikawa ndiyo shamba, na hiyo nyingine yote ikawa mteremko. Kaka zangu walikuwa wakiizozania hiyo sehemu hata mezani. Siku hiyo baba aliweka kikombe chake chini.

"Nyinyi mnanichosha na hiyo maneno ya barabara," akasema. "Si mnacheza? Chezeni. Mwenye atashinda, atajenga hapo juu."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nahitaji mahali pa kujenga kuliko wao wote wawili. Nilimshinda mdogo, kisha nikamkabili mkubwa. Alifinya mapema, tukarudia, akafinya mapema tena, akaitupa padi ya kuchezea kwenye kochi akisema imeharibika.

"Maitu," baba akaniambia, "hiyo ni yako. Mama yangu amerudi kwa shamba yake."

Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Na sehemu ile ya juu ndipo bibi huyo alipokuwa akipanda viazi vitamu. Kwa hiyo nisiambiwe ulikuwa utani. Mwanaume wa kwetu hamtaji mama yake kwa utani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, na kaka zangu walikuwa wamekaa pale pale. Nilirudi Kutus nikachora nyumba nyuma ya kalenda: vyumba viwili, dirisha la jikoni likitazama Mlima.

Baba alifariki kabla sijamwaga hata lori moja la mawe.

Baada ya mazishi kaka mkubwa alinishika bega. "Wacha tungoje ufunge shule," akasema, "ndio tukae chini kama familia." Nikangoja. Nilisahihisha mitihani nikingoja. Tulipofunga nilipanda kwenda nyumbani na binti yangu, na kabla hatujafika langoni nikaona mstari wa itoka katikati ya sehemu ya juu.

Itoka ni yale mayungiyungi ambayo wazee wetu hupanda kwenye mpaka. Yakishapandwa mbele ya mashahidi, hayang'olewi, na anayeyang'oa hujitafutia laana. Udongo ulikuwa bado mbichi. Wazee walikuwa wamekuja, mbuzi ameliwa, sehemu imekatwa vipande viwili: upande wa kaka mkubwa, upande wa kaka mdogo.

"Si ulisema tungoje?" nilimuuliza kaka mkubwa.

"Wazee walipata nafasi mapema. Na wewe ungekuja tu kupiga kelele. Ati juu ya gemu?"

"Baba alisema."

"Mzee alikuwa anacheka na sisi. Wewe bado uko na nguvu, utaolewa tena. Huko utapata shamba."

Nilimgeukia mama. Alikuwa akichambua mboga, na mboga zile zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Mama, si ulikuwa hapo? Ulisikia aje?"

"Mimi nilikuwa naleta chai," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na usiguse hiyo itoka, mami. Tafadhali."

Ninaijua sheria. Nawafundisha watoto wa watu kwamba binti hurithi sawa na kaka yake, wanaandika na ninawapa alama. Walimu wenzangu wananisukuma niende kortini. Lakini shahidi wangu ni mmoja tu, na nitamwona amesimama pale mbele na kitambaa chake cha kanisa, akimwambia hakimu kwamba alikuwa analeta chai. Hilo siliwezi. Nimewakasirikia kaka zangu, ila yeye ndiye aliyenivunja.

Tulipokuwa tukiondoka, kaka mdogo alitukimbilia na mfuko. Ndani kulikuwa na ile mashine, padi zote mbili na nyaya zimekunjwa vizuri.

"Chukua," akasema. "Wewe ndio ulikuwa unajua hii kitu." Alikuwa akitabasamu. Aliamini kabisa kwamba amenitendea wema, na afadhali angekuwa ananidhihaki.

Binti yangu ndiye aliyeiunganisha tulipofika Kutus. Aliutafuta ule mchezo, akanipa padi. Wale watu wawili wakasimama kwenye nyasi zao. Jani likapita. Yeye akafinya, mtu wake akajikwaa, akaguna kwa hasira.

Nilikuwa karibu kumwambia kile nilichomwambia tangu akiwa mdogo, kwamba atulie na angoje alama.

"Usingoje," nikamwambia. "Finya tu."

Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Lakini mama, ukifinya mapema si unapoteza?"

"Kwa gemu," nikasema, "ndiyo."